Nalasi Mpaka Mlimani

Ukitoka Songea kwenda Nalasi unapita Namtumbo, unaingia Tunduru, kisha unaiacha barabara kuu na kuelekea kusini, upande wa mto Ruvuma na Msumbiji. Mahali hapa bado huandikwa chini ya Songea katika makaratasi mengi, kwa sababu Songea ndiko zinakotoka amri za mkoa. Kiutawala ni kata mbili za wilaya ya Tunduru, Nalasi Mashariki na Nalasi Magharibi. Wakazi wake wengi ni Wayao, wengi wao Waislamu, wakulima wa korosho, mpunga na mihogo. Historia ninayoisimulia inafuata swali moja: mtoto aliyezaliwa hapa, hasa wa kike, alihitaji nini ili afike Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akasome fizikia, udaktari au uhandisi? Jibu limebadilika mara nyingi tangu enzi za Wajerumani, na karibu kila mara lilibadilishwa na watu waliokaa mbali sana na Nalasi.

Tusianze na ujinga, maana haukuwapo. Wayao wa karne ya 19 walikuwa wafanyabiashara wa masafa marefu. Misafara yao ilitoka pande za Ziwa Nyasa ikavuka Ruvuma hadi Kilwa, ikibeba pembe za ndovu na, kwa aibu ya historia, watumwa. Ikarudi na nguo, baruti na chumvi. Biashara ya namna hiyo haifanywi na watu wasiojua hesabu. Mtu alikumbuka madeni ya miaka, akapima vitambaa, akakadiria chakula cha watu mia kwa safari ya miezi. Pamoja na nguo ukaja Uislamu, na pamoja na Uislamu ikaja madrasa na hati za Kiarabu. Huko Mwembe, ng'ambo ya Ruvuma, mtawala Mataka alijenga mji wake kwa kuiga pwani. Padre W. P. Johnson wa misheni ya Kiingereza ya UMCA alikaa Mwembe mwaka 1880 na 1881, akaishia kufukuzwa. Wayao wa Mwembe walikuwa wamekwisha chagua elimu yao.

Wapo waliochagua nyingine. UMCA ilikuwa imefungua kituo Masasi mwaka 1876, na katika shule za misheni hiyo alilelewa Yohanna Abdallah, Myao aliyekuwa padre na ambaye kitabu chake cha historia ya Wayao, alichokiandika kwa Chiyao, kilichapishwa Zomba mwaka 1919. Namtaja kwa sababu mara nyingi tunasimuliwa kuwa watu wa kusini hawakutaka kusoma. Abdallah alisoma, akaandika, akahifadhi mambo ambayo bila yeye yangepotea. Kilichotofautisha Masasi na Nalasi kilikuwa mahali misheni ilipopiga kambi.

Kwa upande wa magharibi, Wabenediktini wa Kijerumani walifika Peramiho mwaka 1898. Miaka michache baadaye vita vya Majimaji viliteketeza kusini nzima. Viongozi wa Wangoni walinyongwa Songea tarehe 27 Februari 1906, njaa ikafuata, na nchi ikawa na majeraha makubwa. Watu waliobaki walitafuta pa kushika. Ungonini wengi waligeukia Peramiho, ambako kulikuwa na shule, hospitali, karakana za useremala na uashi, na mashine ya uchapaji. Tunduru na sehemu kubwa ya kusini mashariki wengi walishika Uislamu, na masheikh wa tarika wakawa walimu wao. Hayo yalikuwa maamuzi ya watu walioumia, na wakati huo hakuna aliyejua kwamba kila uamuzi ungekuja kuwa na bei yake shuleni.

Bei hiyo iliwekwa na Waingereza. Baada ya tume ya Phelps-Stokes kupita Afrika Mashariki mwaka 1924, serikali ya kikoloni iliamua kutoa ruzuku kwa shule za misheni zilizotimiza viwango vyake. Ukiisoma sera hiyo harakaharaka utaiona ya busara: serikali haina fedha za kujenga kila mahali, basi iwasaidie waliokwisha jenga. Lakini maana yake ilikuwa kwamba fedha ya kodi, ambayo Myao wa Nalasi aliilipa sawa na Mngoni wa Peramiho, ilifuata misheni ilipokuwa. Madrasa haikuhesabiwa kuwa shule. Shule za serikali zilikuwa chache na za mbali. Mzazi Mwislamu aliyesita kumpeleka mtoto shule ya misheni hakuwa anaota ndoto za mchana. Aliona watoto wa wenzake wakirudi na majina mapya ya ubatizo.

Ngazi ya juu kabisa ilikuwa Makerere, Uganda. Ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi ya wavulana 14, na kwa miaka zaidi ya ishirini haikumpokea mwanamke hata mmoja. Wasichana wa kwanza, 6 tu, waliingia mwaka 1945. Julius Nyerere alikuwa akisoma hapo miaka hiyo, na akiwa mwanafunzi aliandika insha juu ya ukombozi wa mwanamke akiyatumia mawazo ya John Stuart Mill. Benjamin Mkapa alifuata baadaye, na safari yake inaonyesha vizuri njia ya kijana wa kusini ilivyokuwa: kazaliwa Lupaso, Masasi, mwaka 1938, kasoma Ndanda kwa Wabenediktini, kisha seminari ya Kigonsera huku kwetu Ruvuma, kisha Pugu, hadi Makerere alikomaliza shahada ya Kiingereza mwaka 1962. Kila kituo kabla ya Makerere kilikuwa cha Kanisa. Kijana mwenye akili kama zake aliyezaliwa Nalasi katika nyumba ya Kiislamu angepita wapi?

Uhuru ulipokuja, Nyerere alipenda kuwakumbusha watu kwamba mwaka 1961 nchi nzima ilikuwa na wahandisi 2 na madaktari 12 waliosomea kazi hiyo, kati ya mamilioni ya Waafrika. Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, kikianza na sheria peke yake. Mwaka uliofuata shule za kibaguzi, za Wazungu mbali, Wahindi mbali na Waafrika mbali, ziliunganishwa kwa sheria. Mwaka 1964 karo za sekondari zilifutwa. Kitivo cha Sayansi kilianza mwaka 1965. Kwa kasi ile, mtu angedhani mambo yamekwisha.

Hapa sina budi nisimame kidogo kwa Erasto Mpemba, maana kisa chake kinasimuliwa vibaya. Mwaka 1963 Mpemba alikuwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu. Yeye, kwa kuogopa kukosa nafasi kwenye friza, akaweka maziwa yake yangali ya moto. Yakaganda kabla ya ya mwenzake yaliyokuwa yamepoa. Akamuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Alipoendelea na masomo ya juu Mkwawa, Iringa, akauliza tena, na mwalimu wake akamdhihaki kwamba hiyo si fizikia ya ulimwengu bali ni ya Mpemba. Darasa likacheka. Siku Profesa Denis Osborne wa Dar es Salaam alipokuja kuzungumza na wanafunzi, Mpemba akasimama mbele ya wote akauliza swali lilelile. Osborne hakucheka. Alirudi chuoni, akaamuru lijaribiwe katika maabara, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja katika jarida la Physics Education. Wanafizikia wanabishana juu ya jambo hilo mpaka leo.

Wengi humalizia hapo, kwa kupiga makofi. Mimi naona sehemu inayofuata ndiyo yenye uzito: Mpemba hakuwa mwanafizikia. Makala ilipotoka alikuwa chuo cha wanyamapori Mweka, na maisha yake ya kazi aliyatumia katika wanyamapori. Nchi yenye wanasayansi wa kuhesabika kwa vidole ilikuwa na kijana aliyeona jambo ambalo walimu wake hawakuliona, na haikuwa na njia ya kumpeleka maabara. Naye alikuwa amebahatika kusoma sekondari yenye friza.

Turudi Songea, kwa sababu miaka hiyohiyo jambo la ajabu lilikuwa likitokea Litowa. Vijana wa Umoja wa Vijana wa TANU, wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga, walikwenda porini kuanzisha kijiji cha kulima na kuishi pamoja. Njaa nusura iwafukuze. Walivumilia, vijiji vingine vikajiunga, wakaunda Chama cha Maendeleo Ruvuma, kinachojulikana kwa kifupi RDA, kilichofikia vijiji 17. Mwingereza Ralph Ibbott, aliyewahi kuishi katika shamba la ushirika la St Faith's huko Rhodesia, alihamia Litowa na familia yake mwaka 1963 kama mshauri.

Mwanahistoria wa siasa ataitafuta Litowa kwa sababu ya ujamaa. Mimi naitafuta kwa sababu ya mashine. Wanavijiji wale, wengi wao wa elimu ya msingi au pungufu, walimiliki na kuendesha mashine ya kusaga nafaka mjini Songea na kiwanda cha kupasua mbao. Vijana wa kijijini wakawa mafundi. Walivuta maji. Wanawake walikaa katika mikutano wakasema, na watoto wachanga wakawa na mahali pa kulelewa na kulishwa vizuri mama zao wakiwa shambani, jambo lililopunguza vifo vya watoto hao. Shule ya Litowa, chini ya mwalimu mkuu Suleiman Toroka, ilipokea watoto wa vijiji vyote vya chama. Walisoma, walilima, walijiamulia mambo yao mengi, na walimu waliishi kama wanakijiji. Nyerere alipenda alichokiona Litowa, na anayesoma Elimu ya Kujitegemea, aliyoitoa Machi 1967, atatambua harufu ya shule ile.

Lakini viongozi wa mkoa na wa chama hawakupenda wakulima wasiowaomba ruhusa. Tarehe 24 Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU iliivunja RDA. Mashine ya kusaga na kiwanda cha mbao vikachukuliwa. Walimu wa Litowa wakatawanywa nchi nzima. Kwa hesabu yangu hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote katika historia hii, kubwa kuliko lolote la mkoloni, kwa kuwa lilifanywa na sisi wenyewe dhidi ya kitu kilichokuwa kimeanza kufanya kazi. Litowa ilikuwa imeonyesha kwamba mtoto wa mkulima wa Ruvuma anaweza kujifunza injini na bomba la maji hapohapo alipo, bila kuchujwa kwanza na mtihani wa kitaifa.

Badala yake njia ikabaki moja, ya mtihani. Serikali, kwa haki, ilijua kwamba mtihani mtupu ungejaza sekondari watoto wa Kilimanjaro, Bukoba na wengine waliotangulia kwa misheni na kahawa. Ikaweka mgawo: kila mkoa upewe nafasi zake za kidato cha kwanza, na wasichana wapangiwe zao. Baadaye mgawo ukateremshwa hadi wilaya. Watoto wakasafirishwa mbali na kwao, wa Ruvuma wakasoma Tabora, wa Mara wakasoma Songea. Waliosoma enzi hizo hadi leo husema kwamba huko ndiko walikojua Tanzania ni nini, na nawaamini.

Mgawo ulisaidia. Ila mkoa ni kitu kikubwa. Ruvuma ina Peramiho na ina Nalasi. Ukizihesabu pamoja, upungufu wa moja unafichwa na wingi wa nyingine. Hata wilaya ilipokuja kuwa ndiyo kipimo, bado Tunduru mjini haikuwa Nalasi. Tena nafasi zenyewe zilikuwa chache mno. Mpango wa elimu ya msingi kwa wote ulipokamilishwa mwaka 1977, watoto wa nchi nzima waliingia darasa la kwanza, na hilo ni jambo la kujivunia mbele ya Afrika yote. Sekondari hazikuongezwa kwa kadiri hiyo. Mtoto wa Nalasi akamaliza darasa la saba, akapewa cheti, akarudi kwenye mikorosho.

Cha kushangaza, miaka michache kabla ya hapo Tunduru ilikuwa na shule nyingine, ya wageni. FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, ikipigana na Wareno ng'ambo ya Ruvuma, ilikuwa na kituo cha watoto Tunduru na sekondari Bagamoyo. Huko wasichana wa Msumbiji, wengine yatima wa vita, walifundishwa kusoma na hesabu kwa sababu chama chao kiliamini kwamba nchi yao ingewahitaji. Watoto wa Wayao wa upande ule wa mto walikuwa na ndugu zao upande huu.

Juu, Mlimani, mwaka 1973 kilifunguliwa Kitivo cha Uhandisi kwa msaada wa Ujerumani Magharibi. Mwaka uliofuata, Novemba 1974, TANU ilikutana Musoma na kutoa azimio lililogusa vyuo vikuu moja kwa moja: kuanzia sasa hakuna kutoka kidato cha sita kwenda chuo kikuu. Mtu afanye kazi kwanza, angalau miaka miwili, apate barua ya mwajiri na ya chama, ndipo aombe. Nia ilikuwa njema, kuua ubwana wa wasomi. Ila waliopanga hawakumfikiria mwanamke wa miaka 20. Katika miaka hiyo ya kungoja aliolewa, akazaa, na mwajiri au mume akaona hana haja ya kuondoka. Idadi ya wanawake waliodahiliwa ikaporomoka, mpaka serikali ikalazimika, mwaka 1976, kuwaondolea wanawake sharti hilo. Huo ulikuwa upendeleo wa kwanza wa wazi kwa wanawake katika chuo kikuu chetu, na ulizaliwa kama tiba ya jeraha tulilolitia wenyewe.

Wanawake wa sayansi walikuwapo, kwa kuhesabika. Esther Mwaikambo alikuwa amesomea udaktari Moscow, akarudi mwaka 1969 akiwa daktari wa kwanza mwanamke Mtanzania. Baadaye aliwaongoza wenzake kuanzisha chama cha madaktari wanawake, MEWATA, mwaka 1987. Verdiana Masanja, mzaliwa wa Bukoba, alisoma hisabati na fizikia Dar es Salaam, akaenda Berlin, na akawa Mtanzania mwanamke wa kwanza kupata shahada ya uzamivu katika hisabati. Hakuna kati yao aliyetoka Ruvuma. Sisemi hivyo kwa wivu. Bukoba ilikuwa na shule za wasichana za misheni tangu mapema, na mvuto wa shule hizo unaonekana hadi kizazi cha tatu.

Miaka ya 1980 fedha ziliisha. Karo za sekondari zikarudi mwaka 1985, na milango ikafunguliwa kwa shule za watu binafsi. Zikachipua hasa kule kwenye kahawa na makanisa yenye nguvu. Kusini, barabara ya Tunduru ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika, na simba walikuwa wakila watu. Nani angejenga shule ya kulipia Nalasi?

Na kwa msichana aliyefika Mlimani, kufika hakukuwa mwisho wa mambo. Kulikuwa na kikundi cha siri kilichojiita Punch, kilichobandika ukutani matusi na picha za kuwadhalilisha wanafunzi, wanawake hasa. Februari 1990 mwanafunzi Levina Mukasa alijiua baada ya kuandamwa na kikundi hicho. Kifo chake kiliwatikisa wanaharakati wa wanawake nchini, nacho chuo kikashindwa kuendelea kuyaita mambo hayo utani wa vijana. Ninaposoma mipango ya jinsia iliyokuja baadaye pale chuoni, namkumbuka yeye kwanza.

Mipango hiyo ilikuja katika miaka ya 1990. Uliokuwa mzuri kuliko yote, nionavyo, ni kozi ya maandalizi ya Kitivo cha Sayansi. Wasichana waliokuwa na sifa za chini za kuingia chuo kikuu lakini wakakosa alama za ushindani waliitwa, wakafundishwa kwa wiki kadhaa hisabati na sayansi, wakapewa mtihani, na waliofaulu wakadahiliwa. Uhandisi nao baadaye ukaanzisha kozi ya namna hiyo. Shirika la Carnegie la Marekani likalipia ada za baadhi yao. Walikuwapo waliolalamika kwamba viwango vinashushwa. Lakini kozi haikumpa mtu alama za bure. Ilimpa mwalimu na maabara kwa muda mfupi, halafu ikampima. Wale waliofaulu walikuwa wamekosa kufundishwa tu.

Jambo hilo lilipaswa kuwafungua macho watunga sera. Kama wiki chache za mwalimu mzuri zinageuza aliyekosa nafasi kuwa mhandisi, basi tatizo liko chini, katika kidato cha kwanza na cha pili. Badala ya kuteremka huko, tuliendelea kurekebisha mlango wa juu.

Suala la dini nalo lilibaki likinung'unikiwa misikitini na kukwepwa ofisini. Hatua moja ya wazi ilichukuliwa na Mkapa, yule mtoto wa Ndanda na Kigonsera, akiwa Rais: aliwapa Waislamu majengo yaliyokuwa chuo cha TANESCO mjini Morogoro, na mwaka 2005 Chuo Kikuu cha Waislamu kikaanza kufundisha humo. Kilikuwa kitendo cha uungwana. Lakini nacho kilikuwa mlango wa juu.

Mabadiliko yaliyofika kweli Nalasi ni mawili. La kwanza ni kufutwa ada za shule za msingi kuanzia mwaka 2002. La pili ni shule za kata. Kuanzia 2004, na kwa nguvu zaidi baada ya 2005, kila kata iliambiwa ijenge sekondari yake. Wanakijiji walifyatua matofali, wakachangia fedha na nguvu, na katika miaka michache sekondari zikawa maelfu. Kwa mara ya kwanza mtoto wa kusini mwa Tunduru angeweza kufika kidato cha nne katika shule ya kata yake. Kwa msichana hilo lilikuwa kubwa zaidi, ingawa kutembea kilomita nyingi na kupanga vyumba vya mtaani kuliwaletea wengi mimba.

Shule hizo zilikuwa na kuta. Nyingi hazikuwa na mwalimu wa fizikia. Wanafunzi walijifunza kupima asidi kwa kuichora ubaoni, wakafanya mtihani wa vitendo kwa kuueleza kwa maneno, na kidato cha tatu kilipofika wakayakimbia masomo ya sayansi kwa makundi. Nani wa kuwalaumu? Rais Kikwete aliamuru kila shule ya kata iwe na maabara tatu, za fizikia, kemia na baiolojia, na tarehe ya mwisho ikawekwa Novemba 2014, kisha ikasogezwa. Watendaji wa kata walichangisha kwa kuviziana na wananchi. Majengo yakapanda, vifaa vikafuata kwa kusuasua, na walimu polepole zaidi.

Walimu nao walikuwa na kisa chao. Mwaka 2014 Chuo Kikuu cha Dodoma kilianza kupokea vijana waliomaliza kidato cha nne kwa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi, hisabati na teknolojia ya habari, ili kuziba pengo hilohilo la shule za kata. Mei 2016 wanafunzi 7,802 wa programu hiyo waliambiwa waondoke chuoni baada ya wahadhiri kugoma kuwafundisha, na Rais Magufuli akawasema hadharani kuwa hawakustahili kuwa chuo kikuu. Baadaye serikali iliwachuja, waliokuwa na ufaulu wa juu zaidi wakarudishwa Dodoma na wengine wakapelekwa vyuo vya ualimu. Mtu anaweza kubishana kama mahali pao palikuwa chuo kikuu. Ila katika mjadala ule wote sikumsikia mtu akiuliza ni shule ngapi za kata zingekosa mwalimu wa hisabati mwaka uliofuata.

Miaka hiyo mambo mema na mabaya yalikwenda pamoja. Mwaka 2016 ada za sekondari ya chini zilifutwa. Mwaka 2017 agizo la kutowarudisha shuleni wasichana waliojifungua likatiwa mkazo, na halikuondolewa mpaka tarehe 24 Novemba 2021. Katika wilaya kama Tunduru, ambako jando na unyago vimeshika mizizi na msichana akishachezwa huhesabiwa kuwa mtu mzima, agizo lile lilikuwa zito kuliko lilivyoonekana Dar es Salaam. Mjini aliyejifungua angeweza kulipiwa shule ya binafsi. Nalasi alikuwa amemaliza. Siwalaumu wanaofunda, unyago una hekima yake, na wapo makungwi wanaowaambia wari warudi darasani. Ninailaumu kalamu ya serikali iliyokubaliana na kila sababu ya kumwacha msichana nyumbani.

Sasa lami imefika, kutoka Songea hadi Tunduru na kuendelea Mangaka. Namtumbo kumejengwa sekondari ya wasichana ya sayansi ya mkoa wa Ruvuma, ya bweni, ambayo Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua Septemba 2024. Ni moja ya shule 26 za aina hiyo, moja kwa kila mkoa wa Tanzania Bara. Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya 2004 na kuanza kazi 2005, inakopesha maelfu ya wanafunzi, na fani za sayansi zimo katika vipaumbele vyake. Tangu 2022 kuna ufadhili wa Samia, unaomlipia kila kitu mwanafunzi aliyepata alama za juu kabisa katika masomo ya sayansi ya kidato cha sita na kuchagua uhandisi, tiba au teknolojia.

Ufadhili huo ni wa kupongezwa, na una tatizo lilelile la ruzuku ya Waingereza kwa misheni. Fedha inafuata mahali ambapo mafanikio yamekwisha jengwa. Alama za juu kabisa za PCM na PCB, michepuo ya sayansi ya kidato cha sita, zinatoka katika shule zenye maabara kamili na walimu wa kutosha, nyingi zikiwa za kulipia au za vipaji maalumu. Msichana wa shule ya kata aliyepata daraja la pili bila kumwona mwalimu wa fizikia kwa miaka miwili amefanya kazi kubwa kuliko aliyepata la kwanza katika shule ya milioni kadhaa kwa mwaka, lakini kanuni haina jicho la kumwona. Kozi ya maandalizi ya Mlimani ililiona jambo hilo robo karne iliyopita.

Namba za kujua tunachokosa zipo tayari. Kila mwombaji wa mkopo na wa udahili huandika namba yake ya mtihani wa kidato cha nne, na namba hiyo huanza na namba ya shule. Kwa hiyo Bodi ya Mikopo na Tume ya Vyuo Vikuu zinaweza kujua ni wangapi waliotoka katika sekondari za Nalasi, Lukumbule, Mbesa au Mchoteka, wangapi ni wasichana, na wangapi walidahiliwa katika sayansi. Zitangazwe kila mwaka, kata kwa kata, badala ya mkoa kwa mkoa. Diwani wa Nalasi azibandike kwenye ofisi ya kata, na mbunge wa Tunduru Kusini azisome bungeni kabla ya kuomba maabara nyingine. Na katika kila nafasi kumi za ufadhili wa sayansi, chache zitengwe kwa wale waliokuwa wa kwanza katika shule zisizo na mwalimu wa fizikia, hata kama alama zao ni za daraja la pili.